Sentensi Moja ya Mhakiki

Kwa miaka kumi na minne nilikuwa mhariri wa Takebe Yasue, na hadi leo watu wakilijua hilo huniuliza kwa nini manga yake kubwa, hadithi ya kuchorwa kwa picha, haikumalizika. Huwa nawajibu kwamba aliugua. Ndivyo tulivyoandika kwenye jarida, na ndivyo ilivyobaki katika vitabu vya wataalamu. Hakuugua. Niliyemharibia ni mimi, kwa nia njema, mchana kweupe, mbele ya kikombe cha kahawa.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo, ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti, karibu na stesheni ya Iidabashi, Tokyo. Tulichapisha jarida la manga za wanaume wanaopendana wao kwa wao, zile ambazo huchorwa na wanawake na kusomwa na wanawake. Wasomaji wetu walikuwa manesi, makarani wa benki, akina mama wa nyumbani waliokuwa wakificha majarida nyuma ya mablanketi ya wageni. Walituandikia barua ndefu ndefu. Magazeti makubwa hayakututaja hata siku moja, na wahakiki walitupita kama mtu anavyolipita duka la nguo za ndani, macho mbele. Tulikuwa tumezoea. Nikikumbuka sasa, naona tulikuwa na amani.

Yasue alikuwa mrefu, mkimya, mtu wa kuvaa suruali za mafundi zenye mifuko mingi, na alichora polepole kuliko wachoraji wetu wote. Kabla ya hapo alikuwa ametuchorea mabosi watanashati na makatibu wao, kazi safi ambazo zilisomwa zikasahauliwa. Alipotimiza miaka arobaini na moja aliniletea kurasa kumi na tano za penseli. Wanaume wawili, mmoja wa miaka thelathini na kitu na mwingine wa hamsini, wanang'arisha fremu za miwani katika karakana ya mji mdogo. Hawabusiani. Hawaambiani neno lolote la maana. Mwishoni yule mkubwa ananawa mikono kwa sukari na sabuni, kuitoa ile dawa nyeusi ya kung'arishia, na mdogo anammiminia maji ya moto kutoka kwenye birika.

Nilimwambia wasomaji watatukimbia. "Wanataka vijana wenye ngozi laini kama tofu, mwalimu. Wewe unaniletea mzee mwenye kiuno kibovu."

"Hicho kiuno ndicho nilichokuja kukuuzia," akasema.

Katika kazi yetu mchoraji huitwa mwalimu hata akiwa na miaka ishirini, na mimi nilimwita hivyo mpaka mwisho, ingawa tulikuwa tumeshakula pamoja mara nyingi kuliko ninavyokula na dada zangu. Nilicheka, nikazipitisha zile kurasa. Tukaiita manga hiyo *Mng'arishaji*.

Ilikuwa sura ya tatu nilipomuuliza ile habari ya sukari na sabuni ameitoa wapi, maana haimo katika kitabu chochote. Akaendelea kufuta penseli, halafu akasema kwamba mdogo wake Shunpei ni mng'arishaji huko kwao Fukui. Baada ya muda akaongeza kwamba yupo na mwenzake wa karakana anayeitwa Kitade. Sikuuliza zaidi. Mwezi wa pili, theluji ikiwa imefika madirishani, akanichukua kwenda kwao.

Mama yao alikuwa mjane wa miaka sabini na saba, mwenye masikio mazito na mikono myepesi. Shunpei alikuwa na miaka thelathini na saba, mnene kidogo, mcheshi kuliko dada yake. Bwana Kitade aliingia saa kumi na mbili jioni bila kugonga, akavua buti, akaenda moja kwa moja jikoni. Alikuwa na miaka hamsini na mbili na alitembea ameinama upande mmoja. Hakukaa kwanza. Alichukua sanduku la chakula ambalo Shunpei alikuwa amelipanga, wali, aburaage, yaani tofu ya kukaanga, na figili iliyokunwa, akalifunga kwa kitambaa, akampelekea baba yake mzee aliyekuwa akiishi mitaa miwili kutoka pale. Baada ya nusu saa akarudi na theluji mabegani, ndipo sote tukala. Nikaja kujua kwamba kila jioni kwa miaka kumi na tano mambo yalikwenda hivyo hivyo. Usiku kila mmoja alilala nyumbani kwake. Mama alimwita Kitade "mwanangu" kama ambavyo angemwita jirani yeyote, na kama alijua zaidi, hakuwahi kulionyesha.

Kitade alikuwa amesoma sura zote tatu. Alimtazama Yasue juu ya bakuli lake la tambi za soba.

"Huyo wa kitabuni mzuri sana, dada. Ulimtoa wapi?"

"Ni wewe. Nimekupunguza tumbo tu."

"Basi mpunguzie na maumivu ya kiuno, masikini. Mimi hayaniachi."

Shunpei akacheka mpaka akapaliwa. Nimekaa katika meza nyingi za watu waliooana kwa harusi kubwa, na sijaona watu waliokuwa wakipeana mchuzi wa soya bila kuombwa kama wale wawili.

Siku ya kuondoka Shunpei alitusindikiza hadi mlangoni. Alisema jambo moja, akiwa anamfungia dada yake skafu shingoni kama mtoto.

"Chora utakavyo. Lakini ukiulizwa umeyatoa wapi, sema kichwani. Hapa hakuna anayetuuliza, nasi hatujawahi kumjibu mtu. Tumeishi hivyo, na tumeishi vizuri."

Yasue aliahidi. Nami nilikuwepo, nimesimama pale nikivaa viatu, nikaitikia kwa kichwa. Kwa hiyo hata mimi niliahidi.

Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka huo wakati wa majani kupukutika. Kwenye ubavu wa jalada niliandika mwenyewe maelezo mafupi ya mchoraji: amezaliwa Fukui, katika mji wa miwani. Niliona yatasaidia kuuza. Mwanzoni kilikwenda taratibu kama nilivyotabiri. Kisha mfanyakazi wa duka moja la vitabu huko Nagoya akakiweka mlangoni na karatasi aliyoiandika kwa mkono, maduka mengine yakaiga, na kabla mwaka haujaisha jarida kubwa la fasihi likachapa uhakiki wa kwanza. Mhakiki, profesa wa kike, alikisifu kitabu kurasa mbili nzima. Alisema kazi hii si manga ya mapenzi ya wanaume kama zile nyingine, imeivuka aina hiyo, imeingia katika fasihi.

Ofisini tulinunua keki. Yasue hakuila. Wiki hiyo ilikuja barua ya nesi mmoja wa Matsue ambaye alikuwa akitusoma tangu toleo la kwanza. Aliandika kwamba kama kitabu hiki kizuri si chetu, basi yeye kwa miaka ishirini alikuwa akisoma takataka, na angependa mwalimu amwambie hivyo yeye mwenyewe. Yasue alimjibu kwa kurasa sita. Nesi hakuandika tena.

Baadaye sifa zikawa nyingi. Mmoja alisifu mistari, mwingine ukimya, mwingine mikono. Neno ukimya lilirudi katika kila uhakiki. Halafu akaandika Bwana Segawa Hisanori.

Segawa alikuwa na miaka sitini na miwili. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini kuandika kwa jina lake halisi kwamba anapenda wanaume, zamani zile ambapo mtu angeweza kufukuzwa kazi kwa hilo. Mwenzake aliyeishi naye miaka ishirini alipofariki, ndugu wa marehemu walimkalisha Segawa nyuma kabisa msibani, pamoja na wafanyakazi wenzake wa marehemu. Hayo aliyaandika kitabuni na kila mtu aliyajua. Hakuwa mtu wa kutafuta ugomvi. Ndiyo maana maneno yake yalikata.

Aliandika kwamba michoro ni ya hali ya juu. Kisha akaandika: "Mchoraji huyu anatuonyesha ukimya wa wanaume hawa kana kwamba ni uzuri. Mimi nimeishi ndani ya ukimya huo na sikuona uzuri wowote. Nauliza, je, amewahi kukaa meza moja na mmoja wetu, akamsikia anavyotafuna? Au ametutazama kupitia kioo, akatupenda kama watu wanavyopenda samaki wa mapambo?"

Mtandaoni ikawa vita. Waliokuwa wakimsifu Yasue wiki iliyopita sasa walimwita mwizi wa maisha ya watu. Wasomaji wetu wa zamani walimtukana Segawa matusi ambayo sikudhani manesi wanayajua. Chuo kimoja kiliandaa mdahalo, kikamwalika Yasue, televisheni ikamwalika, yeye akakataa kote. Waliosema anaogopa wakaona wamepata ushahidi.

Nilimwuliza kama anamchukia Segawa.

"Ana haki," akasema. "Msibani alikalishwa nyuma, kwa nini anyamaze? Ila kwenye habari ya meza amekosea, na mimi siwezi kumwambia."

Baada ya hapo akaanza kushindwa kuchora. Nilikwenda kwake Chiba nikakuta ukurasa ule ule mezani siku nane mfululizo. Mstari wa shingo ya Kitade, kwa maana sasa nilijua ni yake, ulikuwa umechorwa na kufutwa mpaka karatasi ikachakaa kama kitambaa. Alisema kila akishika kalamu anasikia mtu anamwuliza swali, na jibu analo mdomoni, na mdomo si wake. Alikuwa amekonda. Alikuwa akila wali mweupe na plamu zilizotiwa chumvi, basi. Shunpei alimpigia simu kila Jumapili na kumtania kwamba sasa ana maadui wengi kuliko waziri mkuu, naye alicheka kwenye simu, halafu akaiweka na kukaa.

Sura ya kumi na tisa haikutoka. Ya ishirini nayo ikawa inaelekea huko huko. Mkubwa wangu akaniuliza kila siku. Nami nikawaza, mtu mmoja tu ndiye ameuliza swali hili, na huyo mtu ni muungwana. Akijua, ataacha. Sikumwuliza Yasue. Nilijua angekataa.

Nilimwandikia Segawa, tukakutana saa nane mchana katika mgahawa wa kahawa mtaa wa Jinbocho, mahali penye viti vya velveti na wazee wanaosoma magazeti. Alikuja amevaa tai. Aliniuliza kwanza kama nimekuja kumgombeza, akasema amejiandaa. Nikamweleza yote. Mdogo wake, mwenzake, miaka kumi na tano, sanduku la chakula cha mzee. Nilipomaliza alikuwa amevua miwani na kuishika mapajani.

"Kwa hiyo nimemwuliza kitu ambacho hawezi kukijibu," akasema.

"Ndiyo."

"Na wewe umenijibia. Kwa nini?"

"Ili uache. Hawezi kuchora."

Aliivaa tena miwani yake. Kisha akasema ameaibika, na kwamba hatamtaja mtu. Nilimwamini, na nasema leo kwamba alilitimiza neno lake kama alivyolielewa. Tulikaa saa moja na nusu. Nilitoka pale nikijiona mwepesi, nikapita dukani nikamnunulia Yasue maandazi ya maharage matamu.

Miezi mitatu baadaye, toleo jipya la lile jarida lilipotoka, nilikuwa dukani nimesimama. Segawa alikuwa ameandika insha fupi ya kuomba radhi. Ilikuwa insha nzuri, pengine nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Hakumtaja mtu. Katikati palikuwa na sentensi hii: "Nilimwuliza mchoraji kama amewahi kukaa meza moja na mmoja wetu, sasa najua kwamba alikulia kwenye meza hiyo, na ninainamisha kichwa."

Niliisoma mara tatu. Nikakumbuka ubavu wa jalada, maneno niliyoyaandika mimi. Mji wa miwani ni mmoja. Takebe wenye binti mchoraji, hapo mjini, ni nyumba moja. Na mtoto mwingine wa nyumba hiyo ni mmoja, na ni mng'arishaji.

Zilipita siku kumi na moja tu kabla siri haijatoka. Hapakuwa na mtu mbaya hata mmoja katika yale yaliyofuata, na hilo ndilo linalonitesa. Msomaji mmoja aliunganisha mambo, akayaandika mtandaoni kwa furaha, akiwa anamtetea Yasue. Mke wa mwenye karakana akanunua kitabu, akaja nacho kwa mama yake Yasue, akamwambia anajivunia. Chama cha watengeneza miwani kikapendekeza kuweka picha za manga hiyo kwenye ukumbi wao wa maonyesho. Halafu wakaja wasichana. Walitoka Osaka, Kanazawa, hata Sapporo, wamevaa vizuri, wamebeba maboksi ya peremende za tunda la kaki. Walisimama nje ya karakana kwenye theluji, wakapiga picha mlango, wakatafuta lile bomba la maji lililochorwa sura ya kwanza. Hawakupiga kelele. Siku moja Kitade alitoka kumwaga maji machafu, na msichana mmoja akainama mbele yake mpaka kiunoni.

"Asanteni kwa kupendana," akamwambia.

Kitade naye akainama, maana mtu akikuinamia utafanyaje. Akarudi ndani, akazima gurudumu lake la kung'arishia. Waliokuwepo walisema alikaa kitini mpaka saa ya kutoka, mikono ikiwa na dawa nyeusi, na hakunawa.

Jioni hiyo bado alikuja kula. Jioni iliyofuata alikuja kuchukua sanduku la baba yake tu. Mzee alikuwa na miaka themanini na minne. Alikuwa amekwenda kunyolewa, na kinyozi, akidhani anampa habari njema, alimpongeza kwa mtoto wake kutokea kitabuni. Mzee hakumfokea mwanawe. Hakumwuliza kitu. Sanduku lilirudi kwa Shunpei likiwa limefungwa vile vile, fundo la kitambaa halijaguswa. Siku ya pili likarudi hivyo hivyo. Siku ya tatu Kitade hakuja kulichukua.

Shunpei alijaribu. Alikwenda nyumbani kwa Kitade mara mbili, akakaribishwa chai sebuleni kama mgeni, mzee akiwa amekaa hapo hapo akitazama mieleka ya sumo kwenye televisheni. Walizungumza habari za bei ya gesi. Mara ya pili Kitade alimsindikiza hadi nje na kumwambia yale ambayo Shunpei baadaye alimwambia dada yake, neno kwa neno.

"Tuliweza kwa sababu halikuwa na jina. Sasa lina jina, na kila mtu analo la kusema. Hata akisema zuri, Shunpei, mimi siwezi."

Mwezi wa tatu Kitade aliacha kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na mitatu. Alihamia Gifu na baba yake, kwa dada yake aliyeolewa huko. Hakumwachia Shunpei anwani. Karakanani kiti chake kilikaliwa na kijana wa mafunzo.

Yasue alitaka kwenda kwao, na nilimwomba niende naye. Bado hakujua. Aliamini Segawa alichunguza mwenyewe, au kwamba jirani alisema, na mimi nilikuwa nimeacha aamini hivyo kwa wiki kadhaa, kila siku nikijiambia kesho. Tulifika wakati theluji imekuwa tope. Mama alitufungulia, akatukaribisha, akasema Shunpei amelala. Hakuwa amelala. Alitoka chumbani akasimama kwenye korido, hajanyoa, amevaa sweta ambayo naamini haikuwa yake, mikono ilikuwa mirefu mno kwake.

"Nilikuomba jambo moja, dada," akasema.

Yasue alipiga magoti pale pale sakafuni, akainamisha paji la uso mpaka kwenye mbao. Shunpei alimtazama. Hakumwambia ainuke, wala hakumwambia aondoke. Alirudi chumbani akafunga mlango polepole, na tukasikia kitanda kikilia alipokaa. Mama, ambaye masikio yake hayakusikia neno hata moja, aliniuliza kama tunywe chai ya shayiri au ya kijani.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye korido ile ile. Ningeweza kusema hapo. Sikusema.

Nilimwambia kwenye treni ya kurudi, baada ya kupita Tsuruga, kwa sababu sikuweza tena kumtazama uso wake uliovimba. Nilimwambia mgahawa, siku, na nilichosema. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mlikaa muda gani?" akauliza.

"Saa moja na nusu."

"Ulikunywa nini?"

"Kahawa."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeandika maelezo. Kisha akageukia dirishani mpaka tukafika Tokyo. Stesheni aliniinamia kama anavyomwinamia mteja, akaenda upande wa treni yake. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho mimi na yeye kuzungumza mambo yasiyo ya kazi, na ya kazi yenyewe hayakudumu. Aliandika barua ya mistari miwili kwa kampuni, akasema *Mng'arishaji* haitaendelea. Mkubwa wangu alimsihi angalau sura moja ya mwisho, hata kurasa kumi. Hakujibu. Tukatangaza kwamba mwalimu ni mgonjwa.

Mwaka huo huo kitabu kikapewa tuzo ya wahakiki. Barua ilikuja ofisini, na kwa kuwa yeye hakuitikia simu, nilitumwa mimi kupokea. Nilivaa kimono cha marehemu mama yangu, nikasimama jukwaani. Mwenyekiti wa majaji alisoma maelezo yao. Alisema kwamba uamuzi wa mchoraji kuikata hadithi katikati, kuwaacha wanaume wale wawili bila mwisho, ni ujasiri wa kisanii ambao utazungumzwa kwa miaka mingi. Ukumbi ulipiga makofi. Nami niliinama, nikapokea ile sahani ya kioo, nikasema asante kwa niaba yake.

Na kweli imezungumzwa. Nimesoma tasnifu mbili zinazoeleza maana ya kukatika kule. Moja inasema ni ukosoaji wa ndoa. Nyingine inalinganisha na bustani za mawe.

Segawa hakuja kwenye tuzo. Aliniandikia kwa mkono, ukurasa mmoja na nusu. Alisema alidhani anarudisha heshima aliyoiondoa. Alisema maisha yake yote amewaomba watu waseme, na hakuwahi kuwaza kwamba wako waliokuwa wakiishi kwa kutosema, na wala hajui hata sasa kama walikuwa wamekosea. Hakuomba nimsamehe. Baada ya barua ile aliendelea kuandika mambo mengine, lakini kuhusu manga hakuandika tena.

Mama yao alifariki mwaka uliofuata, wakati wa joto. Nilikwenda msibani nikakaa nyuma. Yasue na Shunpei walikaa safu ya mbele, kiti kwa kiti, wakafanya kila kilichotakiwa. Baada ya kuchomwa mwili walisimama pande mbili za meza ya chuma, wakaokota mifupa pamoja kwa vijiti, kama ilivyo desturi, wakiitia chunguni, huyu akishika upande huu na yule ule, bila kudondosha hata kipande. Walipomaliza, Shunpei alikibeba chungu, Yasue akabeba picha, na kwenye maegesho kila mmoja akapanda gari lake. Kati ya rambirambi zilizokuja kwa posta, mtu wa mapokezi aliniambia, moja ilitoka Gifu na haikuwa na anwani ya mtumaji. Shunpei aliitia mfukoni bila kuifungua mbele za watu.

Niliacha kazi miaka miwili baada ya hapo. Yasue sasa anapika katika jiko la shule ya msingi, anaamka alfajiri, anakatakata karoti za watoto mia nne. Niliyasikia hayo kwa mchoraji mwingine, si kwake. Huyo huyo aliniambia kwamba kalamu zake alizigawa, na kwamba akiombwa saini kwenye kitabu husema wamemfananisha.

Shunpei nilimwandikia mara tatu. Katika kila barua nilieleza kwamba dada yake hakuvunja ahadi, kwamba niliyeivunja ni mimi, na nikaeleza siku na mahali. Alinijibu mara moja, kwenye postikadi, kwa mwandiko mnono wa watu wa karakana. Alisema amezipokea zote, na kwamba la dada alikwisha kulijua, kwa sababu dada si mtu wa kusema. Alisema kujua hakumrudishi mtu. Aliniomba nisiandike tena.

Sijaandika tena.